Kanzu ya Furere Haikulowa

Yule mtawa mnene wa Waingereza nimemshona mara nyingi kuliko sare za shule. Kanzu ya kahawia yenye kofia mgongoni, kamba ya kiunoni, tumbo la sponji la kufungwa kwa mikanda, na kipara cha mpira ambacho tajiri wangu wa Fordsburg, hapa Johannesburg, alikiagiza kutoka China. Duka lake lilikuwa la kukodisha mavazi ya sherehe, nami nilikuwa fundi wake. Kila mwisho wa mwaka wazungu wa maofisini walikuja kutafuta nguo za kuchekeshana, na hakukosekana mnene mmoja, au mwembamba aliyetamani kunenepa kwa usiku mmoja, aliyetaka kuwa mtawa huyo.

Kwa asiyemjua, ni mtumishi wa Mungu katika hadithi za kale za Uingereza, anayeishi porini na wanyang'anyi. Wanyang'anyi wenyewe ni watu wema, ndivyo hadithi inavyodai. Wanawaibia matajiri na kuwagawia maskini. Yeye kazi yake ni kuwaombea, kula, kunywa, kupigana kwa fimbo na kucheka. Tajiri wangu alinipa picha zake ili nishone kwa kuzitazama: za katuni, za filamu za zamani na za sasa, za michezo ya kompyuta, hata za chupa ya bia na kopo la biskuti. Kanzu hubadilika, uso ni uleule. Anacheka, na mkononi ana paja la kuku. Miaka yote ile sikuona hata picha moja inayoonyesha kuku ametoka kwa nani.

Mimi najua alitoka kwa nani. Kwetu Kivu tulikuwa na mtawa wa namna hiyo, wa nyama na damu. Tulimwita Furere, kama tunavyowaita watawa wote wa kiume wasio mapadri. Vijana wa bunduki walipoushika msitu ulio juu ya kijiji chetu, wenzake wa misheni walikimbia. Yeye alipanda msituni kwa vijana wale. Siku za soko waliteremka pamoja, vijana wamenuna na bunduki zao, yeye mbele na kanzu yake, anawasalimia akina mama na kuuliza habari za watoto. Walisema wanachukua kwa matajiri. Tajiri wa kwetu alikuwa mtu yeyote mwenye mbuzi wawili. Mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga, kwa hiyo alikuwa tajiri mkubwa.

Siku walipotufikia walimtwisha mume wangu mfuko wa unga wake mwenyewe aupandishe msituni. Furere alikuwa amesimama mlangoni anatafuna hindi la kuchoma. Nilikuwa na mimba. Alilitazama tumbo langu, akalifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wenye hindi, akaniambia, "Usilie, mama. Tunamuazima tu." Na akacheka. Mume wangu hakurudi.

Sasa, kwetu matanga hayavunjwi kimyakimya. Siku ya mwisho mtu husimama mbele ya watu akakisimulia kifo toka mwanzo hadi mwisho: marehemu alianza vipi, alisema nini, nani alikuwa karibu, roho ilitokaje. Watoto wake hukaa mbele wasikie. Watu hunyamaza mpaka neno la mwisho, ndipo familia hunyoa nywele na mjane huruhusiwa kuwa mtu tena. Asiposimuliwa, matanga hubaki wazi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa na amri ya kuyavunja, na kila nilipompigia simu kutoka Johannesburg jibu lake lilikuwa moja: "Leta mutu mwenye aliona." Sikumlaumu. Hata mimi sikuweza kuvua nguo nyeusi kwa kifo kisichokuwa na maneno.

Basi nikaishi Berea, mtaa wa Johannesburg nilikokimbilia na mimba yangu, si mke wala mjane, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia. Binti yangu, aliyezaliwa huku huku, alikua akiwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake amesafiri. Ni mimi niliyemfundisha kusema hivyo, kwa sababu ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika nalo.

Ilikuwa mwaka 2016 Furere alipoingia katika shirika letu. Shirika ni zile familia chache za Wakatoliki zinazokutana kusali kila juma katika nyumba ya mmoja wao. Siku hiyo ilikuwa kwetu. Mlango ulifunguliwa, tumbo likaingia, naye nyuma yake. Alikuwa amenenepa zaidi, na nchi yetu ilivyokonda. Hakunitambua. Kwa nini anitambue? Alinikumbatia, akanuka sabuni. Nilikwenda chooni, choo tulichotumia watu wa ghorofa nzima, nikanawa uso, nikarudi tukaimba.

Kila mtu alimpenda, na niseme ukweli, alipendeka. Alikutafutia chumba. Aliamka alfajiri kukushikia nafasi kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi. Kwenye msiba alipika sombe, yale majani ya muhogo, sufuria kubwa kuliko yeye. Polisi walipotusumbua barabarani aliwasemesha Kizulu chake kibovu mpaka wakacheka wakaondoka. Warundi walimpenda, na yule Mtanzania Mwislamu mwenye spaza, kiduka cha mtaani, pale chini hakukubali kumuuzia mkate bila kumuongezea kitu. Watoto walimbandika jina la mtawa wa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya katuni zao. Walikuwa na haki. Huyu hakuhitaji sponji.

Na hakuficha. Alisema waziwazi, "Wakati nilikuwa na bale bajeune mu pori," yaani wale vijana wa bunduki, kama mtu anayesimulia likizo. Wakubwa walitazama chini. Berea watu hawachimbuani. Kila mmoja ana lake alilolifunga kwenye mfuko. Mimi nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Wakati wa sala nilikitazama kisogo chake na kuomba Mungu akipasue. Lakini niliuhitaji mdomo wake. Katika dunia nzima ni yeye tu niliyemjua aliyekuwako kule juu, na kama ningepiga kelele angepanda basi la Cape Town na kifo cha mume wangu kingekwenda naye. Kwa hiyo sahani ya kwanza nilimpakulia yeye.

Mwaka uliofuata mwalimu wa watoto wa parokia aliamua kwamba kwenye sikukuu watoto wataigiza hadithi ya wale wanyang'anyi wema. Wataigiza kwa Kiingereza, kwa sababu watoto wetu wanasikia Kiswahili lakini hawakijibu. Mtawa ikabidi awe mtu mzima, mnene, mcheshi. Hakuna aliyepiga kura. Walipiga makofi tu, naye Furere akainama kama mfalme. Halafu wote wakanigeukia mimi, fundi.

Alikuja kupimwa Jumamosi, binti yangu akiwa kwenye mazoezi. Nilimwambia ainue mikono. Nilipozungusha futi kwenye tumbo alicheka, kumbe ana mtekenyo. Nikaona saa yenyewe ni hii.

"Furere, kule pori mulikuwa na batu ba kubeba mizigo?"

"Eish, mama, bengi! Wewe uko nasema juu ya nani?"

"Mwanaume mrefu. Sikio moja lilikatwa ncha. Balimutoa kwake, mukewe iko naangalia."

Alifikiri. Nakiri kwamba alifikiri kweli, midomo ameivuta mbele, mikono bado juu. Futi ilikuwa mkononi mwangu na shingo yake ilikuwa karibu.

"Hapana, mama. Sura zote zilipotea mu kichwa yangu. Mi nakumbukaka tu mambo ya kuchekesha. Mungu alinipatiaka hiyo zawadi." Akanishika bega kwa huruma. "Alikuwa ndugu yako?"

"Jirani," nikasema, na nikaandika kipimo cha kiuno.

Nilimshonea vizuri. Watu hudhani mshonaji mwenye chuki hushona vibaya. Mimi kanzu ile niliipinda kwa mkono, nikaipiga pasi mara mbili. Nilitaka abaki na furaha, aendelee kusema.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Msitu ulikuwa watoto waliopakwa rangi ya kijani usoni, na binti yangu alikuwa mti wa mbele kabisa. Mto ulikuwa kitambaa cha buluu kutoka Fordsburg, watoto wawili wanakitikisa huku na huku. Furere alipaswa kumbeba mgongoni kiongozi wa wanyang'anyi, kijana wa kama miaka kumi na mitatu, kisha amtupe majini. Alifika katikati ya kitambaa akasimama. Akainua mkono, kama afanyavyo kwenye mikutano yote, akaacha Kiingereza cha watu.

"Batoto, musikie. Hii mambo ya mto mi naijua. Hata miye nilibebwaka ku mgongo."

Watu walianza kutabasamu. Walijua kinakuja kitu.

"Kulikuwa mwanaume moja wa mashine ya kusaga. Unga ilimujaa mpaka ku nyusi, tukamuita Muzungu. Tukafika ku mto, maji mingi. Nikamuambia: Muzungu, miye niko mutu wa Mungu, kanzu yangu isilowe. Basi mufuko ku kichwa, miye ku mgongo, tukaingia. Katikati akaanza kulia kama mutoto! Furere, shuka, bibi yangu iko na mimba, niache nirudi. Miye nikamuambia: unifikishe kwanza!"

Aliigiza sauti ya mume wangu. Aliifanya nyembamba, ya kike. Mume wangu alikuwa na sauti nene.

"Akateleza. Chubwi! Miye mbio nikapanda ku mabega yake. Yeye chini, miye juu, nimesimama kama sanamu ya mutakatifu, bajeune banatupa kamba. Unga ikapasuka. Mto yote ikakuwa uji!"

Kicheko cha kwanza kilitoka kwenye miti. Ni binti yangu. Alicheka mpaka majani ya karatasi yakamdondoka kichwani, na ukumbi wote ukamfuata.

"Na Muzungu?" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Muzungu alienda na uji yake! Lakini muangalie," na hapo akaishika kanzu yangu niliyoipiga pasi, akaizungusha, "kanzu ya Furere haikulowa!"

Watu walishikana mabega. Padri alifuta machozi. Kijana wa mgongoni alikuwa anateleza kwa kucheka. Mimi nilijikuta nimesimama, na sikumbuki kuamua kusimama. Nilingoja mpaka wakachoka kidogo.

"Furere," nikasema, "ule mto ni gani?"

"Ule wa chini ya misheni, mama," akajibu kwa furaha, "penye daraja ya miti ilivunjikaka!"

"Asante. Ule Muzungu alikuwa bwana yangu. Na ile mimba ni ule muti wa mbele."

Furere alibaki na tabasamu lake, nadhani hakujua pa kuliweka. Binti yangu alinitazama, mdomo bado wazi wa kicheko. Kisha watu wa madirishani, waliodhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Kesho yake mwenyekiti wa shirika alikuja, mama mzuri tu, jirani wa siku nyingi. Alikaa kitandani akazungusha maneno, mwisho akayatoa. Eti nimeharibu sikukuu ya watoto. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Niende niombe msamaha, isiwe ngumu, maana Furere amekwisha kunisamehe. Nilimfungulia mlango nikamwambia ashuke ngazi kabla sijamshusha mimi. Furere hakwenda Cape Town. Aliendelea kusali na shirika, katika nyumba nyingine, na sikukuu iliyofuata nilisikia walimpa igizo jingine.

Jioni ya siku ile aliyokuja mwenyekiti nilimpigia shemeji. Binti yangu alikuwa ameketi upande wa pili wa pazia, anajikwangua usoni rangi ya kijani iliyogoma kutoka.

"Nilipata mwenye aliona," nikamwambia shemeji. Nikamweleza mto, daraja, mfuko, na kwamba alilia arudi kwetu. Niliposikia sauti yake tena ilikuwa ya mzee.

"Alisema mbele ya batu?"

"Ukumbi ulijaa."

"Na mutoto alikuwa mbele?"

"Mbele kabisa. Alisikia yote."

"Basi imekwisha," akasema. "Munyoe nywele." Kisha, kwa sababu ni swali ambalo mkubwa wa familia huuliza, akauliza kama watu walimlilia ndugu yake.

"Balicheka," nikasema. "Bote."

"Hata mutoto?"

Upande wa pili wa pazia mkwaruzo ulikoma.

"Yeye ndiye alianza."