Buibui Aliyesusa Mende

Juzi hapa nyumbani kwangu Mtanda, binti yangu alikuta buibui nyuma ya kabati la vyombo, akakimbilia dawa ya kupulizia. Nikamshika mkono. "Mwache," nikamwambia, na hata mimi nilisikia kwamba sauti ile ilikuwa ya bibi yangu wa kijijini Mitole. Ikabidi nikae nimsimulie, na wewe nikusimulie vilevile, usije ukadhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Nilipokuwa mtoto kwake, Bibi alikuwa na buibui. Si hawa wembamba wa darini. Huyu alikuwa mnene, mwenye manyoya ya rangi ya udongo, na akijitandaza alienea kisahani cha chai. Alikaa ndani ya mtungi uliovunjika shingo, kwenye pembe ya jiko letu la udongo na makuti, lililonuka moshi na machicha ya nazi. Mende walikuwa wengi, yeye akiwapunguza. Bibi alisema buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni, kwa hiyo hafukuzwi kwa watu. Mimi nilipewa kazi ya kumpelekea mende kwa kijiti, nikishaosha vyombo. Kumgusa nilikatazwa.

Kisha akasusa. Mende alipita mbele yake, naye akarudi nyuma kama mtu aliyeudhiwa. Nikampelekea panzi mnono wa shambani, akamkataa pia. Tumbo lake likawa na waa jeusi kama masizi. Nilipomwambia Bibi, aliinama juu ya mtungi muda mrefu, kisha akaniambia nimwekee maji kwenye kifuu. Hakuyanywa.

Bibi hakutaka kuonekana anamhangaikia mdudu, lakini alimhangaikia. Jirani yetu, mwanamke mcheshi aliyeingia kwetu bila kungoja jibu la hodi, alichungulia mle mtungini, akanusa hewa.

"Shoga, umemuua kwa salfa," alisema. "Si unaona mfuko ulipo?"

Ni kweli, mfuko wa salfa ya kupulizia mikorosho ulikuwa umeegemezwa pale ukutani. Bibi aliuburuta mwenyewe mpaka barazani, akafagia jiko lote.

Babu alikuwa na maoni yake. "Amezeeka tu. Na mimi nikizeeka mtaniletea panzi?"

Mimi niliendelea kuwaza. Usiku nikiwa kitandani nikakumbuka kwamba siku Babu alipoleta ule mfuko, nilimsaidia kuupitisha mlangoni, na kile kijiti changu kilikuwa kwapani, na mende aliyekataliwa bado yuko juu yake. Asubuhi nikamwambia Bibi: "Aliacha kula kabla salfa haijaja."

Alinitazama. "Una hakika?"

"Nina hakika, Bibi."

Alinipapasa kichwani, akashusha pumzi. Furaha yetu haikudumu, maana tulipoingia jikoni tukamkuta buibui amelala chali, miguu juu, hatikisiki. Jirani aliitwa, akasema innalillahi kwa sauti ya chini, na safari hii hakufanya mzaha. Babu akaja na jembe. Alikusudia kumfukia nyuma ya choo, tena upesi, kabla siafu hawajamfikia.

Alipoushika mtungi, Bibi aliweka kiganja juu yake.

"Subiri, Mzee."

"Nisubiri nini? Maiti haisubirishwi."

"Mguu umecheza."

Hakuna mwingine aliyeuona. Lakini Bibi akichuchumaa, umechuchumaa nawe. Basi tukachuchumaa wote, watu wazima watatu na mimi, kuuzunguka mtungi mbovu, jua likipanda na kuku wakilalamika kwamba hawajafunguliwa. Mguu ukacheza tena, safari hii mbele ya macho yetu. Ngozi ikapasuka kifuani, na ndani yake kikaanza kutoka kitu cheupe, chenye majimaji, kikijivuta polepole mguu mmoja mmoja, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Mwisho tukawa na buibui wawili: mmoja mtupu, mmoja mpya amelala pembeni akitweta.

Babu alilaza jembe chini. "Nyoka namjua hujivua," alisema. "Huyu sikumjua."

"Tungemzika mzima," Bibi akasema, kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, na jirani akamshika bega, naye akacheka. Buibui hakuwa mgonjwa kabisa. Nguo ilikuwa imembana. Baadaye alipokaza mwili alirudia mende wake kwa uroho, na lile gamba likapelekwa madrasa, maalimu akatuacha tuliangalie mpaka likavunjika mikononi mwetu.

Bibi na Babu wametangulia mbele ya haki. Jiko lile limebomolewa, na pale ndugu zangu wamejenga nyumba nzuri ya bati, sakafu ya vigae, mdudu hana pa kuchimba. Siwalaumu. Mimi mwenyewe napikia gesi, na jirani yangu wa ukuta wa pili nikitaka kumjulia hali nampigia simu kwanza. Ila asubuhi kama ile sijaipata tena, ya watu wazima kuacha shughuli zao kumtazama mdudu anavyohangaika. Siku ile mihogo yetu ya asubuhi ilikauka maji motoni, ikaungua. Tukaila hivyohivyo, jirani naye akala, na Babu akaomba aongezewe.