Bibi Harusi Aliyeachiliwa Njiani

Nehemiah wa kijiji cha Wusi alirudi kutoka vita vya Malaya mwaka 1953 na cheo cha koplo, suruali ya kaki iliyonyooka kama ubao, na haja moja tu: kumwoa Mkamburi wa Werugha, aliyemchumbia kabla ya kusafiri. Mahari ilikuwa imekwisha kupelekwa. Kilichobaki ni bibi harusi mwenyewe kuchukuliwa.

Familia zilizoshikilia mila hazikumkabidhi binti kwa mkono. Rafiki za bwana harusi walimvizia mtoni, wakamnyakua na kumbeba juu kwa juu huku akipiga mayowe kwamba hataki. Kila mtu, yeye wa kwanza, aliijua siku hiyo mapema. Lakini kilio ndicho kilichoonyesha kwamba haondoki kwao kwa pupa. Bwana harusi alipaswa kukaa kwa mama yake na kungoja.

Nehemiah hakuweza kukaa. Jeshi lilikuwa limemzoesha kukagua kila kitu, hivyo akashika njia kwenda kuwalaki rafiki zake wanne waliokwenda kumchukua Mkamburi. Alisikia sauti kabla ya kuona watu.

"Niacheni! Simtaki! Afadhali mnitupe bondeni!"

Kule Malaya alikuwa amewaona wasichana wakipandishwa malori kwa nguvu, vijiji vyao vikihamishwa, wakilia hivyo hivyo. Pengine ndiyo sababu akapaza sauti. Pengine ulikuwa woga tu wa kijana anayesikia akikataliwa hadharani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na hakika.

"Mwekeni chini!"

"Wee Nehemiah," akasema rafiki yake Ambrose, akihema, "si kazi yako hii tunayoifanya?"

"Chini! Hiyo ni amri."

Wakamweka. Mkamburi akanyamaza papo hapo, akaifunga leso yake vizuri, akamtazama.

"Umewaambia waniachilie?"

"Si umesema hunitaki?"

"Na ulitaka niseme nini?"

Akageuka, akapanda kurudi kwao kwa miguu yake. Fedheha ilikuwa kubwa, kwani bibi harusi aliyeachiliwa njiani alihesabiwa kuwa ameonwa na kukataliwa.

Kesho yake Nehemiah akawasihi rafiki zake warudie kazi. Ambrose akakunja mkono wa shati, akamwonyesha alama za kung'atwa.

"Tazama meno ya mchumba wako. Mbebe mwenyewe."

Akaenda peke yake. Shangazi ya Mkamburi, Mama Wakesho, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, askari. Leo umekuja kumwachilia nani? Huko nyuma kuna mbuzi analia."

Nehemiah akainamisha kichwa.

"Yuko kwenye kabichi," Mama Wakesho akasema.

Mkamburi alikuwa akipalilia, wala hakuinuka.

"Nilidhani unalia kweli," Nehemiah akaanza.

"Nililia kweli. Nilikuwa namwacha mama yangu. Kwani mtu hawezi kulia na huku anataka kwenda?"

Hilo Nehemiah hakuwa amelifikiria.

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi siwezi kuja kwa miguu yangu, na siwezi kukuita. Fikiria mwenyewe, koplo."

Akafikiri. Kisha akainama, akamtupa begani, jembe likiwa bado mkononi mwa msichana. Mkamburi akapiga yowe lililowatoa watu majumbani. Mama Wakesho akawaendea majirani mbio kuwaarifu kwamba binti yao ameibwa, na uso wake ulikuwa mkunjufu kuliko habari yenyewe.

Lakini askari mmoja si vijana wanne. Kwenye mteremko wa pili miguu ikamlegea, akamketisha Mkamburi juu ya jiwe.

"Unaniachilia tena?"

"Napumzika tu."

"Pumzika upesi. Kuna watu wanakuja. Wakinikuta nimekaa kimya, watasema nilijileta."

"Basi lia."

Akalia kwa sauti ya kutosha mabonde mawili, huku akimpangusa Nehemiah jasho kwa pindo la leso. Wapita njia wakampa bibi harusi pole kwa adabu, kama ilivyopasa, wakaenda zao. Nehemiah akapiga magoti, akamwinua tena, na Mkamburi akamshika shingo barabara, akiendelea kusema kwamba hamtaki.