Taa za Nakshi Katika Chumba cha Maji ya Dripu

Nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo hainipi amani, mwanangu, na hasira yake umeiamsha wewe jana, uliponionyesha kwenye simu picha za taa ulizochagua kwa ajili ya kile chumba safi cha kiwanda cha dawa. Taa zinaning'inia kwa fimbo, zina mabawa na matundu, na wewe unacheka na kuniuliza, "Babu, si zimependeza?" Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Leo sinyamazi.

Kazi ya taa katika ukoo wetu haikuanza na wewe. Baba yangu alikuwa fundi wa bati na shaba hapa Tabora, na taa zake zilitundikwa misikitini na katika nyumba za arusi mpaka Ujiji. Karakana yake ilikuwa na sheria moja: taa isiyotobolewa nakshi haitoki mlangoni. Kutoa taa tupu ilikuwa aibu, sawa na kumtoa bi arusi bila hina. Mimi nikakulia humo, nikajifunza na umeme, nikavimba kichwa.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Dawa za nje zilikuwa haba, na hospitali moja hapa mjini ikaamua kutengeneza yenyewe maji ya dripu. Wakatenga chumba, kuta zikapakwa rangi ya mafuta, madirisha yakazibwa, na mtu haingii mpaka anawe, avae joho safi na kufunika mdomo. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mama Nyanzala, mzaliwa wa Nzega, mtu wa maneno machache. Aliniita niweke taa, akanionyesha alizozitaka: za kioo kizito, za duara, zinazobanwa darini kwa skrubu na mpira, zisiwe na ufa wa kupitisha hata sisimizi.

Nikaziona mbaya, kama mabakuli yaliyofunikwa. Mama Nyanzala aliposafiri kwenda kwao kumuuguza mama yake, nikaziacha stoo, nikatundika za kwetu, za shaba, zenye minyororo na nakshi kila upande. Nilijiambia kwamba sisi tunajitegemea, ya nini mabakuli ya Wazungu? Akaja mkubwa mmoja kufungua chumba, akatazama juu, akasema huu ndio ufundi wa Mtanzania. Watu wakapiga makofi. Natamani ningewazaba vibao wote, nikianza na mimi mwenyewe.

Kiangazi cha Tabora unakijua, vumbi lake halibishi hodi. Lilishuka kutoka darini kwa matundu niliyotoboa ili nifunge minyororo, likatua kwenye nakshi, na kutoka hapo likawa linadondoka kidogo kidogo juu ya chupa zilizo wazi. Mama Nyanzala aliporudi alikuta chupa za wiki nzima zimepangwa tayari kwenda wodini. Akainua moja kwenye mwanga, akainua ya pili, kisha akatuma niitwe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Kwetu, mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue ameshakuhukumu.

"Tazama," akaniambia, akinipa chupa. Ndani chembe zilikuwa zinaelea, pamoja na bawa la mdudu.

"Lakini si zimechemshwa kwa mvuke, mama?"

"Mvuke unaua vijidudu. Hauondoi vumbi. Hili unataka nilitie kwenye mshipa wa nani? Nani alikwambia chumba hiki kinataka kupambwa?"

Akazimwaga zote, chupa baada ya chupa, na akanifanya nisimame nitazame. Sasa sikia vizuri. Asubuhi hiyohiyo, wodini, dada yangu Mwajuma, bibi yako mzaa baba, alikuwa amempakata binti yake wa kwanza, Asha, mtoto wa miaka mitatu. Kuhara kulikuwa kumemkausha mpaka macho yamezama. Walimnywesha kwa kijiko, akatapika. Alikuwa anangoja maji yale. Mengine yakaagizwa Mwanza, yaje kwa treni. Treni ilifika kesho yake alasiri, na Asha tulikuwa tumeshamzika.

Matangani watu walinishika mkono wakisema kazi ya Mungu haina makosa, nami nikaitikia. Niliitikia mpaka arobaini ikapita. Moyo uliponishinda nilimwendea Mwajuma, nikamweleza habari ya taa yote, bila kuficha. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia wala hakunitukana.

"Kazi ya Mungu haina makosa, kaka," akasema. "Yako je?"

Akaendelea kuchambua mchele wake. 

Kwa hiyo usiniambie zimependeza. Kizuri chajiuza, lakini hiyo ni ya sokoni. Taa ya chumba kama hicho izame darini, uso wake uwe laini, ibanwe kwa mpira pasiwe na tundu, isiwe na ukingo wa kulaza vumbi, na kitambaa kikipita mara moja iwe imetakata. Kabla ya kuliuliza jicho lako, kamuulize anayejaza chupa, maana yeye ndiye anayemjua mgonjwa. Nakshi ni urithi wako, sikunyang'anyi. Itundike sebuleni kwako, uwaite hata majirani waje waisifu.

Nenda kesho kiwandani ukaseme umekosea, kabla chupa ya kwanza haijajazwa. Mungu akupe ulimi wa kulisema hilo mbele ya watu, mwanangu, ulimi ambao mimi sikuupata mpaka Asha, shangazi yako, alipokuwa kaburini.