Filamu Iliyomsahau Mama wa Bwana Arusi

Kwa miezi mitatu nilikuwa kinywa cha televisheni kijijini kwetu Karuba. Televisheni yenyewe ilikuwa ya mama yangu, ndogo, ikitumia umeme wa jua kutoka kibao kilichofungwa juu ya paa. Filamu zilitoka mjini Sake, zimepakiwa kwenye flash, na zote zilisema Kifaransa. Mama na majirani zake hawajui Kifaransa. Mimi nafundisha darasa la sita, Kifaransa nakijua, na domo ninalo la kutosha. Basi kila Jumapili baada ya ibada, wanawake saba au wanane walijaa kwenye salon ya mama, chumba cha kupokelea wageni, nami nikasimama karibu na kioo na kuwapa maneno.

Kila mmoja alikuja na ungo wake wa maharagwe, maana kwetu mwanamke hakai mikono mitupu hata akiangalia watu wanaobusiana. Wao walichambua, mimi nilitafsiri. Na kwa kuwa mtu hawezi kufuata filamu, kutafuta maneno na kuona kokoto kwa wakati mmoja, ungo wangu ulizunguka mikononi mwao mpaka ukaisha. Huo ndio uliokuwa mshahara wangu. Nilirudi kwangu na maharagwe safi kuliko ya mke yeyote kijijini, na mume wangu akanisifu kwa bidii. Sikumsahihisha.

Ile iliyotuvuruga ilikuwa filamu ya vipande vingi, ya mapenzi. Kijana wa nyumba ya kitajiri alimpenda fundi wa kushona nguo, msichana asiye na baba. Ndugu za kijana walimkataa, kijana akaugua, msichana akamtunza, na kando yao alikuwepo rafiki mmoja wa kijana, mpole, aliyebeba barua na siri zao. Tulimpenda huyo rafiki. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi malishoni, alisema kama msichana akikosa kuolewa na tajiri, basi achukue rafiki, na mambo yaishe. Mama yangu alikuwa amekwisha kupanga mahari: ng'ombe kumi, na mmoja wa shangazi wa msichana kwa uchungu aliouona. Tuliingoja ile arusi kama vile tumealikwa.

Sasa lazima niseme kuhusu mdogo wangu, maana bila yeye mtashangaa kwa nini nilifanya nilichofanya. Baba alipofariki, mwisho wa matanga, baba zetu wadogo walimweka mdogo wangu katikati na kumwambia alete mke, kwani ng'ombe wapo na nyumba inahitaji kuendelea. Alijibu ndiyo. Kisha akashuka Walikale kununua mafuta ya mawese, na miaka minne ikapita bila kurudi. Alituma salamu, alituma sabuni na viatu vya mama, lakini mwenyewe hakuja. Mimi peke yangu nilijua sababu. Tulikutana mara moja Sake, mwanzoni mwa miaka hiyo, akaniambia, macho chini, kwamba mke hataleta kamwe, kwamba kule Walikale anaishi na mwenzake, mwanamume, na kwamba ndivyo alivyo tangu utoto. Nilikasirika naye. Nilimuuliza maswali ya kijinga, hata kama amelogwa. Alinivumilia, na mwishoni akasema: "Dada, siku mama atajua, miye siko na kwetu tena." Siri hiyo niliibeba vibaya, lakini niliibeba.

Flash ya kipande cha mwisho ilifika Jumamosi. Kwa kawaida nilikuwa naangalia kwanza peke yangu kwenye kompyuta ndogo ya mume wangu, nipate kujiandaa. Nikaangalia. Bwana arusi anafika kwenye bustani penye wageni, bibi arusi amevaa gauni alilolishona mwenyewe, na pale pale kijana anamwambia kwamba hawezi kumwoa, kwamba moyo wake uko kwa yule rafiki. Rafiki anatokea. Wanashikana mikono. Kisha kila mmoja anasimama na kutoa hotuba: mpishi anahutubia, shangazi anahutubia, padri anahutubia kwamba mapenzi ni mapenzi, na wageni wote wanapiga makofi. Na bibi arusi naye anapiga makofi!

Nilifunga ile kompyuta kwa hasira hata mume wangu akauliza nani amekufa. Sikukasirikia kwamba mwanamume anampenda mwanamume. Hilo nilikuwa nalo nyumbani, nimelizoea kidogo. Nilikasirika kwa sababu walitudanganya. Vipande vyote hivyo yule kijana alimlilia msichana mpaka tukalia naye, hakuna hata jicho moja lililotuambia kitu, halafu dakika kumi za mwisho wanatugeuzia mambo na kutuhubiria. Mahubiri tulikuwa nayo tayari, kila Jumapili, na ni ya bure. Lakini chini ya hasira kulikuwa na woga. Kesho mama ataketi pale na ungo wake, na majirani watasema juu ya wale wawili maneno yote wanayoyajua, na kila neno litamwangukia mdogo wangu mbele ya mama yake.

Basi nikatunga yangu.

Jumapili walikuja wote. Mke wa katekista alivaa kitenge kipya kwa heshima ya arusi. Nilitafsiri vizuri mpaka kwenye bustani, kisha nikaachana na Kifaransa kabisa. Nikasema bwana arusi amegundua sasa hivi kwamba yule rafiki ni ndugu yake wa baba mmoja, aliyepotea wakati wa kukimbia vita. Kwamba baba yao yuko hospitalini anakata roho. Kwamba arusi itangoja mpaka matanga yaishe. Wanawake waliguna kwa huruma. Mke wa katekista alifuta machozi. Mambo ya kukimbia na kupotezana tunayajua wenyewe, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilijiona fundi kweli, nikaongeza hata kovu la utotoni ambalo wametambuana nalo.

Hapo wale wawili wakabusiana mdomoni.

Nilikuwa nimesahau. Nakuambia ukweli, katika kutunga baba na hospitali na kovu, busu lilinitoka kichwani. Hata kokoto zilinyamaza kwenye nyungo. Kisha yule jirani wa kicheko akauliza polepole:

"Mama mwalimu, kwenu bandugu banasalimiyanaka vile?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maharagwe yake. Mke wa katekista hakucheka. Machozi yake yalikuwa hayajakauka, na aliona aibu kwamba yametumika bure.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Utuambie vile iko. Hatuko batoto."

Nikarudisha nyuma. Nikatafsiri yote kama yalivyo, hotuba moja baada ya nyingine, sauti yangu ikipungua. Nilipomaliza, moto ukawaka. Mke wa katekista alisema ni dhambi na kwamba flash kama hizo zirudi zilikotoka. Mwingine alisema huko Ulaya wamechoka na wanawake. Jirani wa kicheko alikuwa mkali kuliko wote, lakini kwa jambo lingine: "Ule binti! Anaachwa mbele ya bantu, na yeye anapiga makofi? Ningekuwa miye, ningelitupa keki!" Hapo wengi walikubaliana naye. Wakasema ni filamu ya watu wavivu, wameshindwa kuimaliza wakaomba padri awamalizie. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya mama. Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa mwendo ule ule, kokoto huku, maharagwe huku.

Waliondoka mapema. Ungo wangu nilirudishiwa nusu haujachambuliwa, kwa mara ya kwanza, na nilistahili. Mlangoni mke wa katekista alimshika mama mkono. Nilingoja amuulize habari za mwanawe wa Walikale, kama walivyozoea kuuliza wote, kwa sauti ile ya kuchokonoa. Hakuuliza. Alimtakia jioni njema tu. Mpaka leo namshukuru kwa swali lile ambalo hakuliuliza.

Tulipobaki wawili, mama akaweka ungo chini.

"Na mama yake?"

"Mama ya nani?"

"Ya ule bwana arusi. Yeye alisema nini?"

Nikafikiri. Katika kipande cha kwanza mama wa kijana alikuwepo, mwanamke mwenye hereni ndefu. Mwishoni hakuwepo. Mpishi alipata hotuba, yeye hakupata hata sura.

"Hawakumuonyesha, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Ile filme iko mubaya," mama akasema. "Bantu bote banapiga makofi, hata mupishi. Na ule mwenye alimuzaa, banamusahau. Alikuwa wapi? Alijua? Alibakia na chakula yote ya arusi, akafanya nayo nini?" Kisha, bila kubadilisha sauti: "Ulibadirisha maneno sababu ya mudogo yako."

Nilijaribu kukana. Nimefundisha watoto miaka kumi na moja, najua sura ya mtu anayekana vibaya, na najua ndiyo niliyokuwa nayo.

"Ulizani sijue?" akasema. "Nilimuzaa. Nilijua mbele ya yeye mwenyewe kujua."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Weye pia hukusema. Nilikuwa naogopa, nikisema, njo itakuwa kweli. Miaka ine naogopa, na iko kweli tu." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ya Mungu nitamuuliza Mungu, siku tutaonana. Lakini miye sitaki kuwa kama ule mama mwenye hawakuonyesha. Leta telefone."

Nililia. Sikulia kwa uzuri kama wa kwenye filamu; nililia na makamasi. Miaka minne nilijiona mlinzi wa mama yangu, kumbe tulikuwa wawili tunalinda mlango mmoja, kila mtu akidhani mwenzake amelala.

Mtandao kwetu unapatikana juu, karibu na zizi. Tukapanda jua likiwa bado lipo, mama mbele, mimi nyuma na simu. Ng'ombe walikuwa wanarudi. Nilipiga mara tatu ndipo ikaita, na mdogo wangu alipopokea mama akaishika simu kwa mikono miwili.

"Papa," akamwita, kama alivyomwita tangu mchanga, "iko mama yako. Maharagwe inakaribia kuvunwa na niko nakosa mikono. Kuja."

Sikusikia alichojibu. Nadhani alisema habari ya barabara, kwa sababu mama alisema barabara itafunguka, imefungwa mara ngapi na imefunguka. Kisha akavuta pumzi.

"Ule mwenye munaishi naye, anajuaka kukamua ngombe?"

Mama alingoja. Mwishowe sauti ndogo ikasema kitu.

"Hajue? Haizuru. Atajifunza."

Walikuja wiki sita baadaye, kwa pikipiki mpaka ilipokwama na kwa miguu sehemu iliyobaki, wamebeba kidumu cha mafuta ya mawese na matope hadi magotini. Mwenzake ni mtu wa Walikale, mnyamavu, mikono mikubwa, anasalimia kwa kuinama. Mdogo wangu alikuwa amekonda. Watu walipita kuwaona, wengine kwa upendo, wengine kwa udaku, na yupo baba yetu mdogo mmoja aliyefika uani, akageuka, na mpaka leo hajaingia. Sitasema kila kitu kilinyooka. Mke wa katekista alikuja na sufuria ya maziwa ya mgando, akaketi jikoni na mama, hakusema la dhambi wala la sifa. Jumapili flash mpya ilipofika, alikuja na ungo wake kama kawaida, lakini akanionya kwamba safari hii, hata wakifa wote, niseme vile iko.

Siku ile ya kwanza walipofika, niliandaa meza. Kwetu mgeni hula kwenye salon, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, sahani imefunikwa, na hakuna anayemsumbua. Mtoto wa nyumba hula jikoni, kando ya sufuria, kwenye kigoda kinachoyumba, moshi ukimwingia machoni, na katikati ya tonge anaambiwa aongeze kuni. Nilijua la kumfanyia mdogo wangu. Kwa mwenzake nilisita, kisha nikachagua heshima: nikatandika kitambaa kizuri, nikafunika bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikamkaribisha kwenye salon. Akaketi peke yake, mgongo umenyooka, haguswi na mtu.

Mama akatoka jikoni akamwona. Akaniangalia kama nimeharibu kitu. Akaichukua ile sahani kutoka mbele yake, akaipeleka jikoni, akaiweka chini karibu na ya mwanawe, mke wa katekista akisogeza miguu kumpisha. Kisha akarudi mlangoni.

"Unafanya nini pale, Papa?" akamwambia yule mtu wa Walikale. "Pale njo wanakulaka wageni. Kuja huku, na upite na kuni."