Zebaki Kwenye Ukuta wa Mabati

Nilitoboa ukuta wa chumba changu cha Kawangware Ijumaa moja alasiri, Novemba 1993, kwa msumari wa inchi nne na nyundo ya kuazima. Nilipiga matundu madogo kumi na manne kwa duara, nikasukuma kipande cha katikati. Kikaangukia nje, ndani ya ndoo ya mama mwenye ploti, aliyenipangisha.

Alipoingia nilimweleza kila kitu kwa utaratibu. Kitabu cha falaki nilichokuwa nikijisomea kilisema kwamba kesho yake, jua likichomoza, sayari ya Zebaki ingepita mbele yake. Kwa macho matupu haingeonekana, na kulitazama jua kwa darubini ni kuyachoma macho. Lakini darubini ikishikiliwa kwenye tundu la upande wa mashariki, chumba kikiwa giza, jua lingejichora lenyewe kwenye ukuta wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu bila kupandisha sauti:

"Kesho nikikosa kuona hiyo kitu yako, Jumapili unahama."

Mke wangu alikuwa afike Jumatatu kutoka Kakamega, mara yake ya kwanza Nairobi. Nilikuwa nimemwandikia barua mbili kukisifu chumba hicho na mfereji wake wa maji ulio hatua nane kutoka mlangoni.

Rafiki yangu, mwashi wa mtaa wa Sarang'ombe, alifika kwa miguu kutoka huko Kibera kabla hakujapambazuka. Darubini ilikuwa yake, ya macho mawili, jicho moja limevunjika, jingine zima. Tulibandika karatasi nyeupe ya manila ukutani, tukaziba dirisha kwa blanketi. Mama mwenye ploti akaketi kitandani pangu, mikono kifuani, na wapangaji watatu wakajipenyeza nyuma yake. Mawingu yalitukalia mpaka saa moja na robo.

Kisha mwanga ukaingia. Duara kubwa kama sinia likatua kwenye karatasi, likitetemeka, na katikati yake nukta nyeusi. Mimi, mtu wa kunong'ona hata kanisani, nilipiga kelele. Nikamkumbatia mwashi kwa mkono mmoja. Wapangaji wakapiga makofi. Mwashi akajinasua, akasogea ukutani.

"Buda, hiyo ni mavi ya nzi."

Niliizungusha darubini polepole. Nukta ikazunguka nayo. Sayari haizunguki kwa sababu mtu amezungusha darubini. Uchafu wa kioo ndio unaozunguka. Wote wakaangua kicheko. Mama mwenye ploti alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, na akiwa bado anacheka akaniuliza kama nina gunia la kufungia vyombo.

Aibu ndiyo iliyonirudishia akili. Kitabu kilikuwa na mchoro, nami niliunakili kwa mkono wangu: Zebaki haingepita katikati, ingepita karibu sana na ukingo. Furaha ilikuwa imenisahaulisha. Nikaacha katikati, nikafuata ukingo inchi kwa inchi, na hapo ikawa: nyeusi kabisa, mviringo, ndogo kama punje ya wimbi. Nikazungusha tena. Mavi ya nzi yakaenda zao. Punje haikutikisika.

Mama mwenye ploti aliinuka, akaweka kidole kwenye karatasi. Zebaki ikatua juu ya ukucha wake.

"Imenikalia," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Hapo nidhamu ikatuishia. Alitupanga foleni, kila mtu na ukucha wake, na mwashi alipojaribu kurudi mara ya pili alimvuta kwa kola. Mpangaji mmoja alinyoosha kidole gumba cha mguu. Mimi niliibana darubini kwenye tundu kwa kitambaa, nikawa naweka alama ya penseli kila baada ya dakika tano. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, na alama zimepinda kwa sababu nilikuwa nacheka. Zilikuwa tano tu. Baada kidogo ya saa mbili kasorobo punje iligusa ukingo, ukingo ukaonekana kama umeng'atwa, kisha basi.

Nilimwambia mama mwenye ploti kwamba tundu nitaliziba siku hiyo hiyo. Halafu, kwa kuwa napenda mambo yaliyo wazi, nikamwuliza kuhusu Jumapili.

Alikuwa bado anautazama ukucha wake.

"Jumapili ni kanisa. Nani anahama siku ya kanisa?"

Akatoka mbio kuwaita watu wa ploti ya jirani waje waone, nami nikalazimika kumkimbilia kumwambia kwamba imeshapita.