Bandeji Kwenye Goti Zima

Jumamosi ya tarehe 14 Machi 2009, mchezaji wa kati mwenye jezi namba kumi na moja alifunga pointi thelathini na moja katika fainali ya ligi ya wanawake ya mpira wa kikapu. Karatasi ya matokeo ipo kwenye kabati la klabu. Haisemi kwamba alimaliza mchezo akiburuta mguu, wala kwamba hakucheza tena.

Walimwita Ngazi, kwa sababu shuleni ndiye aliyetumwa kushusha vitu vya juu. Alicheza misimu tisa. Kano za goti zilipokatika alikaa nyumbani mwaka mzima, kisha akasomea uongozi wa michezo na kurudi klabu ileile kama karani, baadaye kocha wa timu ya vijana. Leo ni mkurugenzi wa timu. Ofisi yake imepakana na uwanja. Mpira ukigonga ukuta, vikombe hucheza rafuni.

Alhamisi hii, saa nane mchana, anakagua orodha ya wachezaji kumi na wawili wa fainali ya keshokutwa. Inatakiwa kufika ofisi ya ligi kabla ya saa kumi ikiwa na saini yake, na ikishafika haibadilishwi. Kila jina lina cheti cha daktari. Cha nahodha, binti wa miaka ishirini na mitatu anayeitwa Sindano kwa jinsi anavyopenya, kinasema: goti la kulia limepimwa, halina tatizo.

Anaisoma sentensi hiyo mara tatu, kisha anakwenda mlangoni kutazama mazoezi. Sindano amefunga bandeji goti la kulia. Lakini kila akiruka, anatua kwa mguu huohuo wa kulia. Wa kushoto anauonea huruma.

Ngazi anaujua mchezo huu. Wachezaji wa zamani walikuwa wakifunga bandeji goti zima, si lile bovu, ili mpinzani mkorofi agonge pasipouma. Yeye mwenyewe alimfundisha Sindano ujanja huo alipokuwa kocha wa timu ya vijana, tena huku akicheka.

Anampigia simu daktari, aliyejiunga na klabu miezi miwili iliyopita.

“Daktari, ulipima magoti yote mawili?”

“Nilipima lililofungwa. Kwani kuna lingine lina shida?”

Anamwita Sindano ofisini na kufunga mlango.

“Chuchumaa, mdogo wangu.”

“Nichuchumae? Dada, hapa ofisini au chooni?”

“Chuchumaa, nimesema.”

Sindano anashuka nusu, anadaka ukingo wa meza. Kicheko kinamwisha.

“Tangu lini?”

“Wiki tatu. Dada, nakuomba. Wale wa klabu ya ng’ambo wanakuja kuniangalia mimi, si timu. Nipe dakika arobaini tu, halafu nitalala hata mwaka.”

“Mimi niliomba kumi za mwisho.”

“Na ukafunga thelathini na moja!”

“Kesho yake mama alinishika mkono kunipeleka bafuni.”

Sindano anaangalia sakafu. “Ungekuwa bado unacheza, ungenifichia.”

“Ningekufichia.”

“Sasa?”

“Sasa sichezi.”

Kocha anachungulia mlangoni. Ni saa tisa na nusu. “Mkuu, orodha imekwenda? Usiniambie kuna jambo.”

Ngazi anaivuta orodha. Bila Sindano, timu haina wa kuupandisha mpira, na kamati ya klabu itataka kujua nani aliyemtoa. Huenda goti limeteguka kidogo tu. Huenda atakuwa amemnyima binti huyu safari yake kwa hofu ya jambo lililompata yeye. Kalamu inamteleza, anaiokota chini ya kiti, anapiga mstari juu ya jina la nahodha na kutia saini kabla hajabadili mawazo.

“Umeniua, dada,” Sindano anasema. Anatoka bila kufunga mlango.

Ligi inapokea orodha saa kumi kasoro dakika saba, ikiwa na majina kumi na moja. Kesho saa mbili asubuhi daktari atampiga Sindano picha ya goti la kushoto, na saa nne Ngazi atasimama mbele ya kamati kujieleza.