Hakutuacha Njiani

Nakumbuka mwaka 2009, mwanzo wa mvua za Septemba, tulipokimbia kwetu, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Sikuwa msichana, mwanangu, lakini mbele ya karatasi nilikuwa mtoto mchanga, kwa kuwa sikujua kusoma hata jina langu.

Ninyi vijana wa hapa kambini Rubondo mkija kwangu na simu zenu mnataka jambo moja tu. "Bibi, tuambie zile siku kumi na tisa za pori. Ni kweli mulikula majani?" Ndiyo, tulikula majani, na mizizi ambayo hadi leo siijui jina. Mume wangu Elia ndiye aliyekuwa akigawa, na kila mara fungu lake alimpa binti yetu Neema, akisema, "Mimi nimeshakula." Siku ya kumi na sita hakuamka. Tulimzika, mimi na jirani yetu Bahati, tukaendelea kutembea.

Hayo mnayapenda. Nikifika kwenye habari ya karatasi mnaanza kupiga miayo. Leo mtakaa.

Tulipofika Nakivale, kambi hii ya wakimbizi, nilisimama mbele ya kijana aliyekuwa akiandikisha wageni. Akaniuliza, "Mama, mzee yako iko wapi?"

"Alituacha," nikamjibu. "Alituacha mu pori."

"Aliacha wewe na mtoto?"

"Mimi na mtoto, ndiyo."

Akatikisa kichwa. "Hawa wanaume. Pole, mama."

Nikabonyeza kidole kwenye wino, nikapewa karatasi yangu, nikashukuru. Simlaumu, aliandika alichosikia. Kwetu, mke mwenye heshima hasemi mumewe "alikufa", kana kwamba anataja kuku. Husema "alituacha". Heshima hiyo niliibeba hadi mezani pa mtu asiyeijua, wala sikumwuliza ameandika nini.

Mwaka 2014 nilijiunga na darasa la watu wazima. Watu walicheka hadi wakachoka wenyewe. Mwalimu alituagiza tulete karatasi yoyote ya nyumbani tujifunzie kusoma, nami kwa majivuno nikaleta ile ya kuandikishwa. Mbele ya jina la Elia palikuwa na neno moja la Kiingereza. Nikalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha nikauliza maana yake.

Mwalimu akanitafsiria, "Inasema alikutelekeza, mama. Alikukimbia."

Mama Sifa, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite bila kumchokoza, akasema nyuma yangu, "Kumbe ulikimbiwa. Na vile unatembeaka na kichwa juu."

Mimi nilikuwa nikimwaza Neema, aliyekwisha kujua kusoma kuliko mimi. Siku moja angeishika karatasi ile na kuamini kwamba baba yake alimkimbia, baba aliyekufa kwa kumpa chakula chake.

Kulirekebisha neno hilo kulinichukua miaka mitatu. Pori lilinichukua siku kumi na tisa. Ofisini waliniambia: Rudi Jumatatu. Barua haina muhuri. Mhusika yuko likizo. Lete shahidi aliyemwona akifa. Shahidi mwenyewe, Bahati, alikuwa amehamia mji wa Mbarara kuuza mkaa upande wa Ruharo, nami nilimtafuta huko siku mbili kwa miguu.

Ndiyo maana nakasirika, mwanangu, ninapokuona wewe uliyesoma tangu utotoni ukiambiwa "tia sahihi hapa", nawe unatia huku ukitazama simu, kisha unaniita mimi shujaa. Sihitaji kuitwa shujaa. Mbele ya anayeandika, liite jambo kwa jina lake, hata kama linauma kinywani. Usinyanyuke mezani kabla hujasoma ulichoambiwa umesema. Mungu aliyenitoa porini akupe macho ya kusoma taratibu, na jina la baba yako likae safi popote litakapoandikwa.

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, katika ofisi moja ya Mbarara, bwana mwenye muhuri alimwuliza Bahati, "Wewe uliona huyu mzee akikufa?"

"Mukubwa, ni mimi nilichimba," Bahati akasema. "Na hii mikono."

Bwana yule akaandika, akanisogezea karatasi pamoja na kidau cha wino cha kubonyezea kidole. Nikakirudisha upande wake, nikaomba kalamu. Nikasoma mara mbili. Kisha nikatia sahihi, mjane wa Elia.